Niliposema Nimekula

Kila ninapoona tangazo la kuomba watu watoe damu, huwa natafuta kwanza mstari mmoja: ule unaosema mtu ale na anywe maji kabla ya kuja. Nikiukuta umetupwa chini kabisa kwa herufi ndogo, nakasirika. Ningekuwa mimi mwandishi wa tangazo, ningeuweka juu peke yake, na ningeongeza maneno ambayo sijawahi kuyaona popote: ukiulizwa kama umekula, sema ukweli, hata kama mume wako amesimama hapo.

Mara yangu ya kwanza kutoa damu ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, tukiishi kwenye shamba la mzungu upande wa Keringet. Mume wangu alichunga ng'ombe wa shamba hilo na sisi wake zake tulichuma maua ya pareto. Nasema wake zake kwa sababu tulikuwa wawili. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nina watoto watatu. Mwenzangu aliletwa baadaye, msichana mrefu mwenye kicheko cha kusikika mpaka zizini, na sikumpenda. Sitaki kupamba. Uke wenza una adabu zake, lakini adabu hailazimishi moyo. Ng'ombe mwekundu niliyekuwa nikimkamua tangu nilipoolewa alihamishiwa nyumba yake, na kuanzia siku ile nilisema naye kupitia watoto: mwambieni mama yenu mdogo chumvi imeisha, mwambieni mama yenu mdogo ndama wake amekata kamba. Wiki moja kabla hajajifungua nilisema mbele ya mawifi zangu kwamba boma hili limezidi mwanamke mmoja. Wao walicheka. Mimi sikuwa natania.

Alijifungua mtoto wa kike, mzima, lakini kondo la nyuma lilitoka nusu. Damu ikamtoka, ikakoma, ikaanza tena. Siku ya tatu hakuweza kuketi bila kushikiliwa, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Mke wa mwenye shamba alikuja kumtazama, akasema lori la maziwa la asubuhi limpeleke hospitali ya Nakuru. Akasema pia jamaa waende naye, kwa kuwa lazima aongezwe damu, na hospitali haikuwa na akiba ya damu ya watu kama sisi. Ilitoka kwa mtu mmoja ikaingia kwa mwingine siku hiyohiyo. Ndugu zake wa kuzaliwa walikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu. Tuliobaki ni mume wetu na mimi, na baba mkwe akasema twende wote wawili.

Sasa, kwetu damu haikuwa kitu kigeni. Ng'ombe alifungwa kamba shingoni mpaka mshipa ukavimba, akachomwa kwa mshale mfupi uliozuiwa usiingie sana, damu ikakingwa kwenye kibuyu, kamba ikalegezwa, na ng'ombe akarudi malishoni kama kwamba hakuna lililotokea. Fundi wa kazi hiyo katika sehemu zetu alikuwa baba mkwe wangu. Hakuna ng'ombe aliyewahi kumfia. Alikuwa na kanuni yake ambayo hata watoto waliijua: ng'ombe wa kutolewa damu halishwi wala hanyweshwi tangu jana yake, kwa maana aliyejaa maji damu yake huwa nyepesi na kidonda chake hakifungi. Kwa hiyo jioni ile alituita, mume wangu na mimi, akatuambia tusionje chochote mpaka kazi iishe.

"Mpelekeeni damu nzito," alisema.

Alisema kwa upendo. Machozi yalimlenga mzee yule, na hilo lazima niliandike, kwa sababu ni rahisi kumcheka leo. Mimi nilikuwa nimekula ugali saa sita mchana, nikarudi kwenye pareto mpaka jua likatua, na tangu hapo sikutia hata tone la maji mdomoni. Mkwe akisema, mtu habishi. Heshima si utumwa, ndivyo wanavyosema, lakini wanaosema hivyo sijui kama waliwahi kuwa na baba mkwe.

Asubuhi kichanga tulikiacha kwa mawifi, mama yake tukamlaza juu ya magunia katikati ya mikebe ya maziwa, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuweka kichwa chake, niliketi nikakipakata. Mwanamke ambaye sikuwa nimemtazama usoni kwa miezi mingi alikuwa sasa ananitazama toka mapajani mwangu. Barabara ilikuwa mbaya na kila shimo lilimfanya augue. Nilikuwa na kibuyu kidogo cha maji, nikawa nachovya kitambaa na kumlowesha midomo. Mahali fulani kabla ya kuteremka kwenda Nakuru alisukuma mkono wangu taratibu, akaniambia nami ninywe. Nikatikisa kichwa. Akaniambia tena. Nikamwambia baba amekataza. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza bila mtoto katikati.

Tulisimamishwa na askari kwenye kizuizi. Walitaka kipande cha mume wetu, yaani kitambulisho chake cha kazi, wakataka na karatasi ya dereva, wakafungua mikebe mmoja baada ya mwingine. Kijana mmoja wao akalivuta blanketi la mgonjwa, akaona lilivyolowa, akauliza kwa ukali damu hiyo ni ya nani. Siku zile neno damu lilikuwa la hatari. Watu waliogopa viapo vya wapiganaji wa msituni, serikali iliogopa watu. Mume wetu alieleza, mikono imeinuliwa. Askari yule alilirudisha blanketi haraka na kugeuka pembeni, lakini mkubwa wake alichukua muda wake na karatasi, na mimi nilikuwa nahesabu pumzi za mwenzangu. Zilikuwa fupi mno.

Hospitali ilikuwa na joto na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu. Daktari alimpima, akasema maneno machache kwa Kiingereza na kuondoka. Aliyetuelezea alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, mwanamume wa makamo kutoka magharibi, baba yake alikuwa ameletwa Nakuru na kazi ya reli, na alikuwa na sauti ya mtu asiyependa kurudia jambo mara mbili. Alituambia kuna kipande kimebaki tumboni, lazima kiondolewe leo, lakini daktari hatamgusa kabla hajaongezwa damu, kwani angemfia mezani.

Alituchoma kidole, mume wetu kwanza. Akachanganya tone lake na la mgonjwa juu ya kioo, akakitikisa polepole kwenye mwanga wa dirisha. Damu ikashikana vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Hapana, akasema. Mume wangu aliuliza kama anaweza kujaribu kidole kingine, na dresa hakumcheka, alimwambia tu vidole vyote ni vya mtu mmoja. Kisha mimi. Tone langu lilitulia, laini, jekundu, halikushikana na chochote. Alilitazama muda mrefu, akatazama tena, akasema ni mimi.

Sikufurahi. Nilihisi kama mtu aliyeitwa jina lake mbele ya baraza. Boma zima, ukoo mzima, na damu iliyomfaa mwanamke yule ilikuwa yangu.

Akadondosha tone jingine ndani ya glasi ya maji ya buluu, likazama hadi chini, akasema vizuri, damu yako ina nguvu. Nikamkumbuka baba mkwe na nikaona alikuwa amesema kweli. Halafu yakaja maswali. Nina mimba? Sina. Nimewahi kugeuka macho yakawa ya manjano? La. Nimeshikwa na malaria mwezi huu? La. Nimewahi kutoa damu? Sijawahi. Alikuwa akiandika bila kuniangalia. Mume wangu alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Nyuma ya pazia la kijani, hatua mbili kutoka nilipokaa, mwenzangu alikuwa amelazwa, maana dresa hakutaka chupa isafiri mbali.

"Umekula leo, mama?"

Swali la mwisho, akaliuliza kama lisilo na uzito. Nilikolelewa mimi, mke hamwambii mwanamume wa nje kwamba hajala. Akisema hivyo amesema nyumba yake haina chakula, amemvua mume wake nguo hadharani. Hata ukimtembelea mama yako mzazi na tumbo limeshikana na mgongo, akikuuliza mbele ya watu, jibu ni umekula. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama kofia yake.

"Nimekula," nikasema.

Dresa akaandika. Akanilaza kitandani, akanifunga mpira juu ya kiwiko, na hapo nilitaka kucheka kwa hofu, kwa sababu alifanya vilevile baba mkwe anavyofanya kwa kamba. Akanipa kipande cha mti nikifumbate na kukiachia, nikifumbate na kukiachia. Aligonga mkono wangu kwa vidole viwili, akagonga tena, akalalamika kwamba mishipa imejificha. Sindano za siku zile zilikuwa nene. Alinichoma mara moja akakosa, mara ya pili akapata, na niliona damu yangu ikiingia kwenye mpira na kushuka kwenye chupa ya kioo iliyokuwa chini ya kitanda. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maumivu. Maumivu yalikuwa madogo. Kilichonitisha ni ile kuiona ikienda.

Ilienda polepole. Dresa aliinama akaitikisa chupa, akaniambia nifumbate kwa nguvu zaidi. Nikafumbata. Vidole vikaanza kuwa baridi, kisha midomo, na masikio yakajaa mlio kama wa nyuki. Nilimsikia akisema inakatika, inakatika, akizungushazungusha sindano mkononi mwangu. Dari likasogea. Nilijaribu kumwita mume wangu na sikuweza kukumbuka huwa namwitaje.

Nilipozinduka miguu yangu ilikuwa imeinuliwa juu ya mto na uso wangu ulikuwa umelowa maji. Chupa ilikuwa juu ya meza. Damu yangu ndani yake ilifika upana wa vidole viwili tu, na dresa alikuwa anautazama ule mpira ambao damu ilikuwa imegandia ndani. Akauvua, akautupa kwenye beseni. Kila kitu kilipaswa kuchemshwa upya. Nyuma ya pazia mwenzangu alikuwa anapumua kwa sauti, pumzi moja, kimya, pumzi moja.

Dresa akavuta kigoda akaketi karibu na kichwa changu. Hakupaza sauti.

"Mama, mimi siulizi mambo ya nyumba yenu. Mimi nauliza tumbo. Hii tumbo ilikula mara ya mwisho lini?"

Hata hapo, naona aibu kusema, nilimtafuta mume wangu kwa macho kwanza. Bado alikuwa mlangoni. Bado alikuwa na kofia yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yaliyofichwa siku ile yalikuwa yangu na kifo kilikuwa kinakuja kwa mwingine.

Nikasema jana mchana. Nikasema maji pia jana mchana. Nikamweleza kanuni ya baba mkwe, ng'ombe na damu nzito, na nilipokuwa nikieleza nilisikia jinsi maneno yale, yaliyokuwa na akili nyumbani, yalivyokosa pa kusimama ndani ya chumba kile. Dresa alifunga macho kidogo. Akasema ng'ombe hutembea na pipa zima la maji tumboni, hata asiponywa leo analo la jana, lakini mimi sina pipa. Akasema mtu asipokunywa maji, damu yake haiwi na nguvu, inakuwa uji, na uji haupiti kwenye mpira. Kisha akamgeukia mume wangu, akamtuma kwenye kibanda cha chai nje ya lango, alete chai ya sukari nyingi na mkate, na akimbie.

Alikimbia, namshukuru kwa hilo. Nilikunywa vikombe vitatu, na kimoja cha maji ya chumvi kidogo ambacho dresa alinisimamia mpaka nikakimaliza. Baada ya hapo kulikuwa na kungoja tu. Sindano zilichemka kwenye sufuria na saa ya ukutani ikatembea, na dresa alisema hawezi kunigusa tena kabla ya saa nzima kwisha, na kwamba hata hivyo anavunja utaratibu, maana aliyezimia hurudishwa nyumbani. Hakuwa na mwingine wa kumtoa damu.

Saa ile sijawahi kuisahau. Nililala nikitazama pazia. Nilikuwa naogopa, si kwa ajili yangu. Niliogopa kwamba atakufa, na kwamba maneno yangu ya mwanamke mmoja aliyezidi yatakuwa yametimia, na kwamba nitarudi Keringet na lori la kesho nikiwa nimepata nilichotaka. Kwa sababu nilianza kujiuliza hapohapo, na sijaacha: je, nilisema nimekula kwa ajili ya heshima tu? Sikujua kwamba jibu lile lingeharibu damu. Lakini nilijua si kweli, na nilijua swali linaulizwa kwa ajili yake. Kama angekuwa mtoto wangu nyuma ya pazia, ningeangalia kofia ya mtu?

Mara ya pili aliutumia mkono wa kushoto. Mshipa uliinuka wenyewe. Nilifumbata kile kipande cha mti kama nimeshika shingo ya mtu, na damu ikashuka bila kusita, na dresa akaitingisha chupa taratibu huku akinisemesha juu ya bei ya pareto ili nisilale. Nilipomwambia natamani kuona, aliinua chupa kidogo. Ilikuwa imejaa, na ilikuwa na povu kidogo juu, na ilikuwa na joto. Aliponipitia nayo nililihisi joto lake shavuni. Akapita nayo upande wa pili wa pazia. Nilisikia chuma kikigongana na chuma, akining'iniza chupa. Kisha, baada ya muda nisioweza kuupima, nilimsikia mwenzangu akiomba maji.

Walimsafisha tumbo jioni ileile. Mimi na mume wetu tulirudi na lori la kesho yake. Baba mkwe aliponiona alinitendea haki kwa kanuni zake: aliamuru nisitumwe maji wala kuni mwezi mzima, na kila siku akaniletea chumvi ya ng'ombe kidogo kwenye kiganja. Niliilamba mbele yake na kuitema nyuma ya nyumba. Habari ya chai ya dresa hakuna aliyempa.

Mwenzangu alirudi baada ya majuma mawili, amekonda, kicheko chake bado hakijarudi. Asubuhi ya kwanza alikuja mlangoni kwangu na kibuyu cha maziwa ya yule ng'ombe mwekundu, akauliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Akakiacha kibuyu akaenda. Kesho yake akaja tena, umekula? Nimekula. Ikawa hivyo kila asubuhi, miezi mingi, kabla hata ya salamu. Maziwa nilikuwa nawapa watoto. Sikuweza kuyanywa, na sikuweza kumwambia asilete.

Ilikuwa kwenye pareto, siku ya manyunyu, vikapu vyetu vikiwa nusu, aliponikuta nimechuchumaa mwisho wa mstari. Alikuwa amekuja na kibuyu mpaka shambani. Akauliza swali lake. Sijui ni nini kilichonichosha siku hiyo kuliko siku nyingine.

"Sijala," nikasema.

Akatua kikapu. Nikamwambia yote: swali la dresa, jibu langu, chupa ya kwanza, na yale niliyowahi kuwaambia mawifi. Nilisema nikiwa natazama maua, mikono ikiendelea kuchuma, kwa sababu kama ningeacha ningelia.

"Najua," akasema nilipomaliza. "Nilisikia. Nilikuona kwenye lori hujanywa, na nilikusikia ukisema umekula."

Nikamuuliza mbona hakusema, na uhai ulikuwa wake.

"Mume wetu alikuwa hapo. Angeaibika."

Chini bondeni mume wetu alikuwa anawavusha ng'ombe mto, tukimsikia akipiga mluzi. Tulimtazama sote wawili.

"Na yeye alijua," nikasema.

"Alijua." Akaondoa kizibo cha kibuyu na kukipangusa kwa kanga yake. "Kwanza nilidhani wewe ndiye unayetaka nife. Nikakaa na jambo hilo hospitalini siku zote zile. Halafu nikaona yeye alinyamaza, na mimi mwenyewe nilinyamaza. Sasa kati yetu watatu, ni nani aliyetaka nife?"

Akanipa kibuyu. Nilikunywa mpaka unga wa mkaa tunaosugulia kibuyu ndani, ule uliotua chini, ukanigusa ulimi, na hakuondoka mpaka alipoona nimemaliza.